Mweru, Mtwara au Skeleton Coast: ukitoka Lubumbashi peke yako na gari, ushike mwambao gani?

Kongo ina pwani yake ya bahari. Iko Muanda, urefu wake haufiki hata kilomita 50, na mtu wa Lubumbashi anayetaka kuifikia kwa gari itabidi avuke nchi karibu nzima, tena kwa njia ambazo nyingine zinaitwa barabara kwa heshima tu. Ndiyo maana mtu wa L'shi akitamani kuendesha kando ya maji makubwa hutazama kwingine: ziwa Mweru, kaskazini-mashariki, Bahari ya Hindi upande wa Mtwara na Lindi, au Atlantiki, kwenye ile pwani ya Namibia wanayoiita Skeleton Coast. Ndugu wa Goma na Bukavu watauliza Kivu yao nimeiweka wapi. Njia ya Sake, Minova na Kalehe ni nzuri kwa macho, hilo sibishi, lakini tangu vita vilipoingia katika miji hiyo miwili mwanzoni mwa 2025, simshauri mtu aende kuizunguka peke yake kwa starehe.

Wengi hulinganisha safari kwa picha: wapi maji ni ya buluu, wapi mchanga ni mweupe. Kwa anayesafiri peke yake mimi ninaanza na swali jingine. Saa kumi jioni gari limezama mchangani, simu haina mtandao. Nani atalisukuma? Miambao hii mitatu inajibu swali hilo kwa namna tatu tofauti, na mengine yote (uzuri, gharama, chakula) yanafuata nyuma yake.

Mweru, kwa wenye siku chache

Hii ndiyo ya karibu. Unashika barabara ya Kasenga, wanakotoka samaki wengi wa masoko yetu, kisha unapanda kuelekea Kilwa na Pweto, pale mto Luvua unapotoka ziwani. Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba 5,000 na zaidi kidogo. Upande wetu ni vumbi sehemu kubwa, na mvua zikianza mwezi wa 11 vumbi hilo linageuka tope ambalo hata dereva wa lori huliheshimu. Upande wa Zambia ni rahisi zaidi: unapitia Mokambo na daraja la Chembe lililofunguliwa 2008, unafika Mansa, na kutoka hapo lami inakupeleka hadi Nchelenge na Kashikishi, ziwa likiwa mlangoni. Ukiweza, lenga mwisho wa mwezi wa saba, chifu Mwata Kazembe anapocheza ngoma ya Mutomboko pale Mwansabombwe. Hao ni Walunda ambao mababu zao walitoka huku kwetu, kwa Mwant Yav, mfalme wa Walunda.

Msaada? Upo. Mwambao una wavuvi, wanawake wanaoanika samaki, malori yanayoshusha mzigo. Tena Kiswahili na Kibemba vinatosha pande zote mbili. Angalizo langu ni moja tu: ukifika Pweto usiendelee peke yako kuelekea Manono au Mitwaba. Eneo hilo liliitwa pembetatu ya kifo wakati wa waasi wa Bakata Katanga, na ingawa miaka imepita, habari zake za leo uziulize kwa madereva wa Kasenga kabla ya kuondoka.

Mweru ninaiona kama safari ya kujipima. Kama hujawahi kulala njiani peke yako, anzia hapo. Ila kama unachotafuta ni bahari, ziwa halitakuridhisha, hata lingekuwa kubwa namna gani, na utarudi nyumbani ukiwa bado na hamu yako.

Bahari mbili, umbali unaokaribiana

Ukiangalia ramani utadhani Bahari ya Hindi iko jirani na Atlantiki ya Namibia iko mwisho wa dunia. Kwa barabara si hivyo. Zote zinazidi kilomita 2,000 kutoka Lubumbashi, na zote zinaanza kwa adha ile ile ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia: peyaji (ushuru wa barabara), foleni ya malori ya shaba, vijana wanaotaka kukubebea pasipoti. Baada ya hapo unapita Chingola, Kitwe na Ndola hadi Kapiri Mposhi, na Kapiri ndipo safari zinapoachana.

Kwa Tanzania unakunja kushoto, unafuata Serenje, Mpika, hadi Nakonde na Tunduma. Njia hii inaongozana na reli ya TAZARA, kilomita 1,860, iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, na ni njia ya malori yanayopeleka shaba ya Katanga bandarini Dar es Salaam. Hutakuwa mpweke, tatizo ni kinyume chake. Malori ni mengi, mashimo yapo, na kuyapita malori matano yaliyofuatana mlimani ni kazi inayochosha kuliko urefu wa njia.

Kwa Namibia unaendelea kusini: Lusaka, Choma, Livingstone, halafu Sesheke, na daraja la Katima Mulilo lililofunguliwa 2004. Kuanzia hapo barabara ni nzuri kiasi cha kuleta usingizi. Lami imenyooka, magari ni machache, na katika hifadhi ya Bwabwata tembo wanavuka barabara bila haraka, kwa hiyo giza likiingia usiendeshe. Kisha Rundu, Grootfontein, Otjiwarongo, na mwishoni jangwa linakushusha Swakopmund, kwenye ukungu. Hii ndiyo ile wanayoiita njia ya Walvis Bay, Ndola na Lubumbashi. Malori yetu yapo hata huko, ila yametawanyika.

Kusini mwa Tanzania: njia ya mbali, watu wako karibu

Wengi hufika pwani hii kupitia Dar es Salaam. Kwa anayetoka kwetu, kuna njia ninayoipenda zaidi. Ukifika Makambako achana na malori yanayokwenda Iringa, kunja kulia: Njombe, Songea, Tunduru, Masasi. Ni lami, na kati ya Songea na Masasi utapita misitu mirefu yenye vijiji vichache. Unatokea Mtwara bila kuugusa msongamano wa Dar, halafu unapanda na pwani kuelekea kaskazini: Mikindani, Lindi, Kilwa, daraja la Mkapa juu ya Rufiji, lililofunguliwa 2003. Kurudi unaweza kupitia Morogoro, Mikumi na Iringa, ukijua kwamba ndani ya hifadhi ya Mikumi mwendo unapimwa na kugonga mnyama kunalipiwa faini.

Nikuambie mapema, ili usije ukalaumu: barabara hii haikai kando ya bahari. Mara nyingi bahari iko nyuma ya minazi, mikorosho na mikoko, na saa nzima inaweza kupita bila kuiona. Lazima ukunje. Mikindani inajitokeza yenyewe, ghuba ya duara na nyumba za mawe za zamani. Ndipo mpelelezi David Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho mwaka 1866, ile iliyomfikisha Mweru mwaka uliofuata na kummalizia Chitambo mwaka 1873, si mbali na barabara ya Serenje utakayokuwa umeipita. Lindi nayo ina ghuba na upepo mzuri wa jioni. Ila kwa Kilwa unaiacha barabara kuu pale Nangurukuru na kuteremka hadi Kilwa Masoko.

Kilwa ndiyo sababu hasa ya kuchagua upande huu. Mtu wa Katanga ana Kilwa yake ziwani. Hii nyingine ilikuwa dola. Sultani wake alisimamia dhahabu ya Sofala na kupiga sarafu zake mwenyewe, Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akaisifu, Wareno wakaivamia mwaka 1505. Unachukua kibali ofisini Kilwa Masoko, unapanda chombo, unavuka hadi Kilwa Kisiwani. Huko kuna Msikiti Mkuu wenye kuba zake, na Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 lililojengwa ukingoni mwa maji. UNESCO iliviweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mahali penye uzito huo penye wageni wachache kiasi hicho sijui pengine katika pwani hii. Ipe Kilwa siku mbili.

Na lile swali la kusukuma gari? Hapa karibu kila kijiji kina kijiwe cha bodaboda, na vijana watano wakikuona umekwama watakuja kabla hujawaita. Utawapa hela ya soda, mtaagana. Zaidi ya hayo, unaongea nao. Watacheka kidogo Kiswahili chetu, nasi tutacheka chao, lakini utaelewana na fundi wa tairi, na mama wa gesti, na trafiki. Yambo yetu wataipokea, ila mzee mwamkie shikamoo na usubiri marahaba, maana pwani hilo lina uzito. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake naona ndiyo njia bora kati ya hizi tatu. Ataulizwa mara nyingi mume yuko wapi, ataambiwa ajifunge kitenge vizuri akipita misikitini, lakini macho hayo yanayomhoji ndiyo hayo hayo yanayomlinda.

Kasoro zipo, na si ndogo. Ya kwanza ni polisi wa usalama barabarani: kila kijiji mwendo ni 50, na wamejificha na kamera zao kivulini. Faini hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Mwenye haraka ya kupokea fedha mkononi, mwombe karatasi. Ya pili ni maji. Mwezi wa tano 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake kilikata barabara ya Lindi kwenda Dar katika sehemu kadhaa, magari yakalala njiani kwa siku. Masika, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, si wakati wa kwenda. Ya tatu ni mpaka. Vita vya Cabo Delgado, Msumbiji, vilianza mwaka 2017, na mwezi wa 10 mwaka 2020 kijiji cha Kitaya, upande wa Tanzania kwenye mto Ruvuma, kilishambuliwa. Mtwara mjini na pwani ya kaskazini yake ni habari nyingine kabisa, lakini vijiji vya kando ya Ruvuma usivifanye sehemu ya matembezi.

Skeleton Coast: bahari iko hapo hapo, watu hawapo

Hapa barabara inafanya ulichokitaka. Kutoka Swakopmund kwenda kaskazini unaendesha na Atlantiki mkono wa kushoto, jangwa la Namib mkono wa kulia, na katikati njia ya chumvi: udongo ulioshindiliwa kwa maji ya chumvi hadi ukawa mgumu kama lami. Ukikauka unakwenda vizuri hata kwa gari dogo. Ukungu ukishuka, nao hushuka mara kwa mara kwa sababu mkondo wa Benguela ni baridi na hewa ya jangwani ni ya joto, chumvi inaloa na gari linateleza kama kwenye sabuni. Taa ziwashwe mchana.

Henties Bay iko kama kilomita 70 mbele. Karibu nayo imelala Zeila, meli ya uvuvi iliyokuwa imeuzwa kama chuma chakavu kwenda India. Mwaka 2008 ilikatika kamba ikiwa inavutwa, ndio kwanza imetoka Walvis Bay, na haikufika mbali zaidi ya hapo. Mbele zaidi ni Cape Cross, makumi ya maelfu ya wanyama wa baharini waitwao sili wamelundikana mawe kwa mchanga, kelele na harufu ambayo itabaki kwenye nguo zako. Ndipo Diogo Cão, Mreno yule yule aliyefika mdomo wa mto Kongo mwaka 1482, aliposimika msalaba wa mawe mwaka 1486. Wajerumani waliung'oa mwaka 1893 wakaupeleka kwao, na mwaka 2019 wakakubali kuurudisha. Nikiwa hapo hapo: mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, karibu na Lindi, iliyochimbwa kuanzia 1909 hadi 1913, bado imesimama Berlin. Pwani zote mbili zina madai yao huko.

Hadi Cape Cross sioni shida kwa mtu peke yake. Kuna kambi za wavuvi wa ndoano, kama Mile 72, na hao jamaa wana magari makubwa na kamba. Watakuvuta huku wakikusimulia samaki waliowakosa. Desemba ndiyo wengi.

Baada ya hapo mambo yanabadilika. Kilomita karibu 200 kutoka Swakopmund unafika mto Ugab, kwenye geti lenye picha ya fuvu la kichwa na mifupa, mwanzo wa hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1971, inayoenda hadi mto Kunene kwenye mpaka wa Angola. Anayepita tu hupewa kibali cha siku hiyo hiyo na lazima awahi getini mapema alasiri, kwa sababu jioni anatakiwa awe ametokea Springbokwasser, upande wa bara. Anayetaka kulala aonyeshe nafasi aliyolipia Terrace Bay. Kambi ya Torra Bay hufunguliwa Desemba na Januari tu. Na kaskazini mwa mto Hoanib gari la mtu binafsi haliruhusiwi kabisa. Wanaofika huko hupelekwa kwa ndege na kampuni zenye kibali. Kwa hiyo usidanganywe na ramani: pwani unayoweza kuiendesha mwenyewe ni nusu ya kusini.

Ndani ya hifadhi hakuna kijiji. Hakuna mtandao wa kutegemea. Mafuta ukiyajaza Henties Bay, fikiria Terrace Bay au Palmwag ndipo utakapoyaona tena. Changarawe inakula tairi, na ajali nyingi za wageni Namibia ni za mtu peke yake kupinduka kwa kukimbia kwenye changarawe hiyo; 80 kwa saa inatosha, na chini yake ni bora. Hapo jibu la swali langu ni fupi: hakuna wa kulisukuma. Novemba 1942 meli ya Uingereza, Dunedin Star, ilipasuka kaskazini mwa pwani hii ikiwa na watu zaidi ya 100. Meli ya kuvuta iliyotumwa kuwasaidia ikakwama, na wawili wa mabaharia wake wakafa. Ndege iliyotua kuwachukua ikazama mchangani. Malori yaliyotoka bara yakahangaika siku nyingi na mchanga na mito mikavu. Watu wa Dunedin Star waliokolewa, lakini baada ya wiki kadhaa, na waokoaji nao walihitaji kuokolewa. Leo kuna askari wa hifadhi na simu za setilaiti, lakini mchanga ni ule ule.

Sisemi usiende. Anayetaka kukaa siku mbili bila kusikia sauti ya mtu, mahali ambapo fisi wa kahawia anapita ufukweni akitafuta mzoga wa sili, hataipata hali hiyo Lindi, ambako mtoto atakuja kukuuliza jina kabla hujazima injini. Ila ajue hatachezea maji: ni baridi mno kuogelea. Chakula kizuri kipo Swakopmund na Walvis Bay, chaza hasa, kwa bei ya mji wa watalii. Na lugha: Kiingereza, Kiafrikana, Kijerumani. Mwenye Kifaransa na Kiswahili tu atakuwa bubu.

Mimi, kwa mtu anayeondoka L'shi peke yake kwa mara ya kwanza kwenda baharini, namwelekeza Mtwara bila kusitasita. Namibia namwachia mwenye gari la pili nyuma yake, au anayekubali kuishia Cape Cross na kurudi kulala Henties Bay. Hiyo ya mwisho, kusema kweli, inakupa sehemu kubwa ya uzuri kwa sehemu ndogo ya hatari.

Gari na karatasi

Zambia, Tanzania na Namibia zote huendesha kushoto. Magari mengi ya Lubumbashi yana usukani wa kulia tayari, kwa hiyo kwa mara moja gari lako litakuwa nyumbani kuliko wewe. IST au Noah nzima itamaliza njia ya Tanzania, maadamu hutashuka kwenye mchanga wa ufukweni. Kwa Namibia chukua gari lenye tumbo la juu, tairi mbili za akiba, pampu, beleshi, lita 20 za maji. Usiikanyage nchi nje ya njia: ile mimea midogo iliyobandika juu ya mawe huko jangwani haisahau tairi, alama hudumu miaka mingi.

Bima ndiyo tofauti ambayo wengi hawaifikirii. Kadi ya njano ya COMESA, unayoikata hapa nyumbani, inakubalika Zambia na Tanzania. Namibia haimo, huko mtu anayeumizwa na gari hulipwa na mfuko unaochangiwa kupitia bei ya mafuta, na wewe mgeni unalipa ada ya barabara mpakani, risiti yake uitunze hadi unatoka. Gari lililojeruhiwa ni juu yako. Kadi ya homa ya manjano uwe nayo kote. Dola ziwe mpya, zisizochanika, na rand zinapokelewa Namibia sawa na fedha yao. Masuala ya viza uyamalize kwenye balozi husika kabla ya kufunga mizigo, kwa sababu mpakani hutakuwa na wa kukutetea.

Ukichagua Mtwara, ondoka mwezi wa sita: masika yamekwisha, na njia imepata muda wa kutengenezwa. Toka Lubumbashi alfajiri ili Kasumbalesa uivuke asubuhi. Usiku wa kwanza lala Kapiri Mposhi, hata kama jua bado liko juu na mwili unakuambia Serenje si mbali. Malori yaliyoharibika barabara ile hulala bila taa.